Stafeli Bila Kuonja

Stafeli lile lilitoka Mombasa kwa treni, limefungwa ndani ya gunia pamoja na nyasi kavu, likafika Nakuru likiwa gumu kama jiwe. Baba alilipokea stesheni kwa mpishi mmoja wa mabehewa, mtu wa kwao, ambaye kila Ramadhani alimletea kitu cha nyumbani. Mwaka huo wa 1954 Ramadhani iliangukia mwezi wa tano, mvua ikinyesha mtaani kwetu Bondeni karibu kila siku, na stafeli halipendi baridi. Ukiliacha mezani huku kwetu linakuwa jeusi nje na ndani linabaki gumu vilevile. Kwa hiyo Mama alilizika ndani ya debe la pumba za mahindi, akaliweka debe karibu na jiko la makaa, na kila asubuhi alitia mkono akalibonyeza kidogo, kama mtu anayepapasa homa ya mtoto.

Siku ya nne, Jumanne, alilitoa akalipangusa pumba, akaliweka kwenye sinia.

"Leo," alisema. "Leo tunafuturu nalo."

Wangui alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi. Alilitazama lile tunda la kijani lenye miiba laini mwili mzima.

"Mama Kuluthum, hiki ni chakula au ni mnyama?"

"Ni chakula. Tena ni kinywaji. Kikichanganywa na maziwa kinakuwa kizito, kitamu, utamsahau hata aliyekuzaa."

"Huyo siwezi kumsahau. Alinichapa sana."

Mama akacheka. Ilikuwa siku nyingi hatujacheka ndani ya nyumba ile.

Kuluthum ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wangui nilimjua tangu nikiwa mdogo, kwa sababu kila Alhamisi alishuka kutoka mashamba ya Bahati na viazi na kabichi mgongoni, na kwetu ndipo alipopumzikia. Alikuwa akinywa chai yake, akimweleza Mama habari za shamba la mzungu alikokuwa akiishi na mumewe Ngigi, kisha huyo anaenda zake sokoni. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mwezi wa pili askari walikuja kumchukua Ngigi, na mpaka siku hiyo hakuna aliyejua alikopelekwa. Halafu mwezi wa tano wakaja na malori wakawapakia Wakikuyu wote wa shamba lile, wazee kwa watoto, wakawapeleka stesheni ili warudishwe Kiambu na Murang'a.

Siku ya malori Wangui hakuwepo shambani. Alikuwa hospitalini hapa Nakuru na mtoto wake, Wawira, mwenye miaka mitatu, aliyemwagikiwa na uji wa moto mguuni. Hivyo ndivyo alivyobaki. Hakuwa na karatasi ya kumruhusu kukaa mjini, na hakuwa na shamba la kurudia. Akaja kwetu na kanga aliyovaa na sufuria moja.

"Kupelekwa siogopi," alimwambia Mama usiku ule wa kwanza. "Naogopa kupelekwa peke yangu."

Alikuwa na sababu. Jirani yake mmoja alikamatwa sokoni asubuhi, na jioni alikuwa ndani ya treni. Mtoto wake alibaki na bibi mmoja mzee, yule mzee naye akaja kupakiwa kwenye lori jingine, na mpaka leo hii mimi sijasikia kwamba mtoto yule alionekana. Wangui alijua kwamba akikamatwa, Wawira atabaki kitandani hospitalini, mtoto ambaye hawezi hata kusema jina la baba yake sawasawa, na hakuna atakayejua ni wa nani.

Daktari alikuwa amesema mtoto hatoki kabla ya Ijumaa.

Baba aliposikia habari hiyo alisema, "Mpaka Ijumaa, basi." Mama akatoa buibui lake la zamani, akamfundisha Wangui kushusha ushungi usoni na kutembea bila kurusha mikono kama mtu anayekwenda shambani. Kila siku saa nane mimi na yeye tulikwenda hospitalini, mimi mbele, yeye nyuma, na kila siku nilirudi nyumbani mgongo umelowa jasho licha ya baridi yote ile.

Jumanne hiyo tulikuwa tumerudi salama. Wangui alikuwa bado na buibui mwilini, ushungi ameutupa nyuma apate kumenya viazi. Ilikuwa saa kumi na kitu. Mvua imekatika, ua una matope. Tukasikia viatu.

Si viatu vya Baba. Vilikuwa vya misumari.

"Hodi hapa! Asalam aleikum!"

Wangui alishusha ushungi kabla sijageuka. Mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia Sajini Darweshi. Nyuma yake askari wawili wakabaki mlangoni, na mlango akauacha wazi, maana Baba alikuwa kazini na yeye alikuwa mtu wa kuangalia adabu. Tulimjua vizuri. Alikuwa Mnubi wa Ravine, mrefu, ndevu amezikata vizuri, aliswali msikiti mmoja na Baba. Ijumaa alikuwa mpole. Siku nyingine zote watu walivuka barabara wakimwona.

"Aleikum salaam, sajini," Mama alijibu. "Karibu. Mwenye nyumba yuko godauni."

"Najua. Sikumfuata yeye." Alitazama jiko, akatazama kamba ya nguo, akatutazama sisi watatu. "Nimeambiwa hapa kuna mwanamke wa Kikuyu."

Mama hakuchelewa. "Aliyekwambia amekosa kazi. Hapa kuna mimi, kuna binti yangu huyu unayemjua, na kuna mpwa wangu Samsam. Amekuja na treni Jumamosi kutoka Mombasa."

"Samsam."

"Ndiyo."

"Samsam, hujambo?"

Wangui aliinamisha kichwa. Kisu cha viazi kilikuwa kimesimama mkononi. Nilijua hawezi kufungua mdomo. Neno moja tu, na lafudhi yote ya Bahati ingetoka humo.

"Kwetu sisi," Mama alisema, "msichana hajibizani na mwanamume asiye wake. Kwenu Ravine mwajibizana?"

Mmoja wa wale askari wa mlangoni alicheka. Sajini hakucheka, lakini aliondoa kofia.

"Kwetu pia hapana, Mama Kuluthum. Wala sitamwambia mwanamke wa Kiislamu afunue uso mbele yangu mwezi huu. Nikikosea nitamwambia nini mumeo Obeid?" Aliitazama mikono ya Wangui. Ilikuwa mikono mipana, imepasuka vidoleni. "Lakini mikono ya Mombasa imelima wapi hivi?"

"Unafikiri Mombasa wote tunakaa barazani tukitafuna tambuu? Nenda Kisauni ukaone watu wanavyolima mihogo."

"Nimekwenda Kisauni. Nimekaa Mombasa miaka mitatu, bandarini." Hapo macho yake yakashuka kwenye sinia. Uso wake ukabadilika kidogo, ukawa kama uso wa mtu aliyeitwa jina la utotoni. "Hilo ni stafeli."

"Ni stafeli."

"Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akilitengeneza. Kila Ramadhani. Nilikuwa nakaa hapo mlangoni namwangalia mpaka jua linazama." Akavuta debe tupu, akaligeuza, akalikalia. "Basi tusisumbuane. Mwanamke wa Mombasa, stafeli analitengeneza usingizini. Mwanamke wa Bahati hajawahi kuliona. Samsam alitengeneze hilo. Mimi nitakaa hapa niangalie. Likitoka sawa, nawaomba radhi na naondoka."

"Sajini, bado mapema, kuna mambo mengi jik—"

"Aanze mapema, basi."

Wangui alikuwa ameliona tunda lile kwa macho tu. Hakujua ndani kuna nini. Aliinuka taratibu, akalisogeza sinia, akaketi mbele yake, na mkono wake, mkono wa mtu aliyemenya viazi maisha yake yote, ukakiinua kile kisu.

Stafeli halipigwi kisu. Ndani lina mbegu nyeusi nyingi, na mbegu hizo ni sumu na ni chungu. Kisu kinazikata, uchungu unaingia kwenye nyama, na hapo huna la kurekebisha. Kila mtu wa pwani anajua.

"Samsam," nilisema, sauti ikanitoka juu kuliko nilivyotaka, "nipe hicho kisu nimalizie viazi."

Akanipa. Mama alinitazama kwa nukta moja, na nikaona ameelewa.

"Ndiyo, chukua," Mama akasema. "Chukua kabisa, ukae nacho mbali! Sajini, unajua huyu mtoto alinifanya nini mwaka jana? Alilichana stafeli zima kwa kisu! Mbegu zikakatika zote. Tukafuturu dawa ya minyoo."

"Mama!"

"Mama nini? Uongo? Mara ngapi nimekwambia stafeli likiiva ganda lenyewe linaachia, unalifungua kwa vidole tu, kama unamvua mtoto shati?"

Vidole vya Wangui vilikuwa tayari kwenye ganda. Alibonyeza, likapasuka. Harufu ikajaa ua, ile harufu tamu yenye ukali ndani yake, na nikamwona Sajini Darweshi amefumba macho kidogo.

"Watoto wa bara," alisema.

"Wa bara huyo! Amezaliwa hapahapa Bondeni, anajua kabichi tu."

Ganda likatoka vipande vipande. Nyama nyeupe ikabaki kwenye bakuli, laini, na mbegu zake ndani. Wangui alisita. Karibu na mkono wake ulikuwapo mwiko mkubwa tunaopondea viazi. Aliuangalia. Ukimpa mwanamke wa Kikuyu kitu laini ndani ya bakuli, ataponda, ndivyo alivyolelewa. Mkono ukaenda.

"Na mwaka juzi!" Mama aliruka. "Mwaka juzi ndio ilikuwa aibu! Alichukua mwiko akaliponda na mbegu zake zote, eti viazi! Baba yake akanywa, akaniuliza, Mke wangu, nimekukosea nini?"

Askari wa mlangoni wakacheka wote wawili.

"Mama, unanitia aibu mbele ya watu," nilisema, na machozi yaliyonijia hayakuwa ya kuigiza.

"Aibu ujitie mwenyewe. Mbegu hutolewa kwa mkono, moja moja, moja moja, mpaka ya mwisho. Ukichoka unaolewa na Mzungu akupe ya kopo."

Mwiko ulirudi mahali pake. Wangui alitia vidole bakulini, akatoa mbegu ya kwanza, akaiweka kwenye sinia. Ya pili. Ya tatu. Alizitoa kama mtu anayechambua maharagwe, hima hima, bila kuruka hata moja, na kwa muda nilipumua.

"Tena anasahau kuchuja," Mama akaendelea, "anatia maji debe zima—"

"Mama Kuluthum."

Sajini alikuwa ameegemeza viwiko magotini. Alimwangalia Mama, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama tena. "Leo unamgombeza mtoto sana."

"Ni wangu."

"Na wewe mtoto, leo unakosea sana. Mwaka jana, mwaka juzi." Alisema polepole. "Sasa nyamazeni. Wote wawili. Kuluthum, kaa pale ukutani. Mama Kuluthum, kaa kando yake. Sitaki kusikia kikohozi. Nataka kuona mikono ya Samsam peke yake."

Tukakaa ukutani. Mama akashika mkono wangu chini ya kanga, akaubana mpaka mifupa ikaniuma.

Mbegu zikaisha. Wangui alitazama vitu vilivyokuwa mbele yake: mtungi wa maji, sukari kwenye kopo, kitambaa cheupe, iliki iliyotwangwa kwenye karatasi. Akachukua maji, akatia kidogo. Akafikicha ile nyama kwa vidole ikalainika. Akachukua kitambaa, akakitandaza juu ya jagi, akamimina, akakusanya ncha na kukamua. Nilishangaa. Neno moja tu la Mama, kuchuja, lilikuwa limemtosha. Rojo nyeupe ikashuka, nyuzi zikabaki kitambaani. Akatia sukari. Akanusa iliki chini ya ushungi, akatia nayo.

Yalibaki maziwa.

Maziwa yalikuwa sufuria mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya jiko, imechemka sasa hivi, povu limepanda, hiyo ilikuwa ya chai. Ya pili ilikuwa dirishani, imechemshwa asubuhi na kupoa, imefunikwa kwa kitambaa kibichi. Stafeli lina ukali. Ukilitia maziwa ya moto yanakatika papo hapo, unapata maji na mabonge mabonge, na hilo hakuna mwanamke wa Mombasa atakayelifanya hata akiwa na homa. Lakini mtu wa bara, mtu wa uji na chai, mkono wake unakwenda kwenye sufuria yenye moshi.

Wangui aliinuka, akaenda kwenye jiko. Akachukua kitambaa cha kushikia. Akaishika sufuria ya moto.

Mimi nilitaka kukohoa. Nilimwona sajini ananiangalia mimi, si Wangui, anangoja nikohoe.

Wangui aliinyanyua sufuria kidogo kutoka kwenye jiko. Akasimama nayo hivyo. Aligeuza kichwa kwenye jagi, kisha kwenye sufuria. Halafu akairudisha, akaweka kitambaa chini, akaenda dirishani. Akagusa ubavu wa ile sufuria nyingine kwa nyuma ya kidole. Akaileta. Akachota kwa kikombe, akamimina kama uzi, mkono mwingine ukikoroga, kikombe kwa kikombe, bila haraka. Baadaye alituambia kwamba miaka miwili alikuwa akifanya kazi ya kutoa krimu ya maziwa kwa mzungu kule Bahati, na kitu cha kwanza walichomfundisha ni kwamba ukali na moto haviingii pamoja katika maziwa. Wakati ule sisi hatukujua. Tuliona tu jagi linajaa, na kilichomo kinakuwa kizito, cheupe, kinang'aa, hakina hata bonge moja.

Sajini Darweshi aliinuka akasogea, akachungulia ndani ya jagi. Kisha akavaa kofia yake.

"Hivyo ndivyo," alisema. "Vilevile kabisa. Mama Kuluthum, niwie radhi. Watu wanasema maneno mengi siku hizi, na mimi kazi yangu ni kuyafuata."

"Hakuna neno, sajini," Mama alisema.

Akageuka aende zake. Na hapo ndipo Wangui, Mungu amrehemu popote alipo, akafanya kitu ambacho kila mpishi duniani anafanya. Alikuwa amehangaika nusu saa nzima, sasa ameambiwa amefaulu, mwili umelegea. Akachovya kidole kwenye jagi, akakipitisha chini ya ushungi, akalamba. Akatikisa kichwa. Akaongeza sukari nusu kijiko, akachovya tena, akalamba tena.

Ramadhani. Jua liko juu.

Sajini alikuwa amemwona. Alisimama pale pale, mguu mmoja ukiwa umeshafika mlangoni.

"Samsam," alisema taratibu. "Umekula."

Wangui aliganda na kile kidole hewani.

"Jua bado halijafika milima ya Mau, na wewe umekula. Kama ungeonja kwa ncha ya ulimi ukatema, ningesema wengine wanaruhusu. Umemeza. Mara mbili." Alirudi hatua moja ndani ya ua. "Muislamu gani wa Mombasa anasahau kwamba amefunga, siku ya ishirini ya mwezi?"

Nilimtazama Mama. Maneno yote alikuwa ameyatumia kunigombeza. Wale askari wawili walikuwa wameacha kuegemea mlango.

Akilini nikamwona Wawira kitandani, mguu umefungwa bendeji, akiuliza saa nane imefika.

Jibu lilikuwepo. Kila mwanamke Muislamu analijua, lakini hakuna anayelisema. Siku zako zikifika hufungi, utalipa baadaye; ila unakula nyuma ya mlango, unajifuta mdomo, hata kaka yako wa tumbo moja hapaswi kujua. Mama yangu alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo hata mbele yangu. Alisema tu "mgeni amekuja" na kutazama pembeni. Kulisema mbele ya mwanamume, mwanamume wa nje, mzee anayeswali na baba yako, ni bora uvue nguo.

"Hafungi," nikasema.

"Nini?"

"Samsam hafungi leo. Yumo katika siku zake za mwezi. Damu ilianza jana."

Sikumaliza kufunga mdomo. Kofi la Mama lilinikuta shavuni nikaangukia debe la pumba. "Mshenzi!" alipiga kelele. "Mshenzi usiye na haya! Mbele ya wanaume! Mbele ya wazee! Mtoto gani nimezaa mimi? Baba yako akisikia nitauweka wapi uso wangu?" Akanifuata na ndara mkononi. Nilijifunika kichwa, akanipiga mabegani, na alikuwa analia, analia kwelikweli. Mpaka leo sijui kama kofi lile alinipiga kwa ajili ya sajini au kwa ajili yangu. Nadhani hata yeye hakujua.

Nilipochungulia kati ya mikono, Sajini Darweshi alikuwa ametugeuzia mgongo. Shingo yake ilikuwa imeinama kama mtu anayenyeshewa. Askari wake walikuwa wameshatoka nje kabisa, wanaangalia matope.

"Astaghfirullah," alikuwa akisema. "Astaghfirullah. Mama Kuluthum, muache mtoto. Muache, basi, muache. Mimi ndiye niliyeuliza."

Mama akaacha.

Sajini alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Kesho baada ya alasiri nitamleta mke wangu aje kumsalimia mgeni. Wakae wanawake kwa wanawake, wazungumze. Si vizuri mgeni kukaa kimya mwezi mzima."

Akaufunga mlango nyuma yake.

Hatukujua kama ilikuwa ni wema au mtego. Hata tungekaa tukijadili mpaka asubuhi tusingejua. Mke wa sajini atakaa uani, atasema, dada, funua uso tuonane, na Wangui atafunua, na hapo hakuna stafeli litakalomwokoa.

Magharibi ilipoingia Baba alifuturu kwa tende na lile stafeli. Alikunywa vikombe viwili akasema halijawahi kuwa zuri hivyo, kisha Mama akamweleza kilichotokea, naye akaweka kikombe chini, asikiguse tena. Wangui hakuonja. Alikaa pembeni ameshika mikono yake miwili kama inayoweza kutoroka.

"Ni kidole changu," alisema. "Kidole kimoja tu, Mama Kuluthum."

"Nyamaza," Mama alisema. "Mimi ndiye nimesema uongo nikiwa nimefunga. Siku ya leo nitailipa." Kisha akanivuta karibu yake, akanipaka mafuta ya nazi shavuni.

Asubuhi hatukungoja saa nane. Saa mbili tulikuwa hospitalini, mimi mbele, Wangui nyuma. Msaidizi wa vidonda alikuwa kijana anayeitwa Odero, mwembamba, mwenye macho ya usingizi.

"Mlisikia Ijumaa," alisema. "Leo ni nini?"

"Jumatano," nikasema. "Lakini tunamchukua leo."

"Kidonda hakijakauka. Daktari atanila mimi."

Ndipo Wangui aliposema maneno ya kwanza aliyoyasema nje ya nyumba yetu kwa siku zote zile. Alipandisha ushungi, akamtazama usoni, akasema kwa sauti yake mwenyewe ya Bahati, "Ijumaa mimi sitakuwa hapa. Na yeye nani atamjua?"

Odero alimtazama. Akatazama mlango wa wodi. Halafu akachukua bendeji mbili safi na chupa ya dawa ya zambarau, akamwonyesha mara tatu jinsi ya kufunga, isibane hapa, isilegee pale, na kila mara Wangui akarudia kwa mikono yake. Wawira alikuwa amekwisha kumwona mama yake uso mtupu na alikuwa akimvuta pua.

Tulipotoka nje nilidhani tunarudi nyumbani. Nilikuwa nimeshapanga. "Tutamwambia mke wa sajini kwamba Samsam amerudi kwao," nilisema. "Wewe utalala chini ya kitanda cha Mama. Siku mbili tatu—"

"Na baada ya siku tatu?"

Nikaitazama njia ya Bondeni.

"Mtoto wa watu," Wangui alisema, "baba yako ana kazi hapa. Mimi nilitaka mtoto wangu. Sasa ninaye." Akasimama nyuma ya ukuta wa godauni, akavua buibui, akalikunja vizuri, akanipa. Akamfunga Wawira mgongoni kwa kanga, ule mguu ukining'inia nje na bendeji yake mpya. Kisha akashika njia ya stesheni, mikono akiirusha kama anakwenda shambani, na mimi nikamfuata.

Kando ya reli watu walikuwa wamekaa chini katika mistari, na mabunda yao, na kuku wao wamefungwa miguu. Kwenye meza alikuwepo karani mwenye daftari, na askari wawili ambao sikuwajua. Wangui alikwenda mpaka mezani mwenyewe. Hakuna aliyemshika.

"Jina?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Wangui wa Ngigi. Shamba la Bahati."

Akaandika. "Kaa pale."

Hakuondoka. "Na huyu mgongoni ni Wawira. Ni wangu. Andika wawili."

"Nimeandika. Kaa pale."

Wangui aliinama juu ya daftari, akaangalia ile mistari ya wino. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama kando na buibui kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu niliona anaogopa kweli.

"Kuluthum, wewe unajua kusoma. Njoo uone. Ameandika wawili?"

Karani aliguna, lakini hakulifunika daftari. Nikasogea. Nikasoma polepole, herufi kwa herufi, nikiwa nimeweka kidole karatasini ili nisikosee mstari.

"Wawili," nikamwambia.